Thamani ya Mchezo Usio na Ujira

Kazi huheshimiwa na watu wote kwa sababu faida yake yaonekana. Mkulima huonyesha mavuno, fundi huonyesha nyumba, na mwalimu huonyesha wanafunzi. Mchezo hauna cha kuonyesha jua lichwapo ila jasho lililokauka na vumbi katika nguo. Kwa hiyo wengi huuhesabu kuwa jambo la watoto, na mtu mzima auchezaye bila ya malipo huulizwa kama amekosa kazi. Swali hilo ni la dhihaka, lakini ndani yake mna swali jingine lililo zito. Je, jambo lisilo na ujira wala manufaa ya dhahiri lastahili kupewa wakati wa mtu? Na hasa, lastahili kuonyeshwa mtoto mdogo, ambaye maisha yake yote yangali mbele yake?

Wenye hekima wa zamani hawakukubaliana. Plato, katika kitabu chake cha uzeeni juu ya sheria, alionya kwamba michezo ya watoto ikigeuzwa ovyo, sheria za nchi nazo hazitakaa imara, kwa kuwa mtoto azoeaye kubadili kanuni za mchezo atataka kubadili kila kitu akuapo. Aristotle aliuweka mchezo chini ya kazi. Kwake mchezo ni pumziko, na pumziko ni kwa ajili ya juhudi itakayofuata, na mtu ajitaabishaye maisha yake yote ili apate kucheza alimwona kuwa mpumbavu. Mwaka 1795 Mjerumani Friedrich Schiller aliigeuza hoja hii kichwa chini: aliamini kuwa mtu hukamilika katika utu wake pale achezapo. Na Mholanzi Johan Huizinga, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, alisema kwamba mchezo ni mkubwa kwa umri kuliko ustaarabu, maana hata wanyama hucheza na hawakungoja kufundishwa na binadamu. Kwa hiyo mizani ina pande mbili. Upande mmoja mchezo ni mtumishi wa kazi. Upande wa pili mchezo ni bwana wa nafsi yake.

Ili swali lisibaki hewani, na lipimwe kwa jambo moja lijulikanalo. Katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, iko miji midogo mingi yenye timu zake za besiboli ambazo wachezaji wake hawalipwi. Mchana watu hao ni walimu, wakulima, maseremala, makarani na wanafunzi; jioni huvaa sare yenye jina la mji wao. Mashindano yao ya jimbo yalianza mwaka 1924, na mwaka 1950 timu zilikaribia mia nane. Tangu hapo zimepungua sana, lakini hazikwisha. Kiwanja aghalabu kipo pembeni mwa mji, karibu na mashamba ya mahindi. Kina majukwaa machache ya kukalia, kibanda ambamo wenyeji hujitolea kuuza soseji na bisi, ubao wa matokeo, na uwanda wa majani nyuma ya uzio. Watazamaji ni wale wale wakutanao dukani na kanisani. Wazazi huja na watoto wao wadogo, kwa sababu kiingilio ni kidogo, na kwa sababu mtoto akilia au akikimbia huku na huku hapana akasirikaye.

Mchezo wenyewe wahitaji maelezo kidogo kwa asiyeujua. Timu mbili za watu tisa tisa hupokezana zamu. Mrushaji hutupa mpira mdogo mgumu kutoka umbali wa futi 60 na inchi 6. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne, kila kimoja kiko mbali na mwenziwe kwa futi 90. Kituo cha mwisho ndicho kile kile alichoanzia, nacho huitwa nyumbani. Arudiye nyumbani salama huipatia timu yake alama moja. Kila upande hupewa zamu tisa, na zamu haimaliziki mpaka watu watatu watolewe. Hapana saa iamuayo mwisho. Mwaka 2023 ligi kubwa za kulipwa zilianza kumwekea mrushaji muda maalumu wa kutupa mpira, ili watazamaji wasichoke. Lakini hata ligi hizo hazikuthubutu kuumaliza mchezo wenyewe kwa saa.

Sasa na aletwe mtoto wa miaka minne katika kiwanja hiki. Dakika chache za kwanza atautazama mchezo. Kisha ataziona changarawe chini ya jukwaa, naye atazihesabu. Ataomba bisi, atazimwaga, na atalia. Atagundua mteremko wa majani na kujiviringisha juu yake pamoja na watoto asiowajua majina. Mchezo utakapofika zamu ya saba, mtoto hataweza kusema ni timu gani inayoongoza. Mzazi mwenye kupima kila kitu kwa faida atasikitika: ametoa fedha, ametoa jioni yake, na mtoto hakujifunza kanuni hata moja.

Masikitiko hayo yametoka katika dhana kwamba mtoto hujifunza kile tu anachokitazama. Dhana hiyo yapingwa na jambo kubwa kuliko yote ambayo kila mtu amejifunza, nalo ni lugha ya mama yake. Hapana mtoto aliyekalishwa akafundishwa lugha hiyo kanuni baada ya kanuni. Aliwekwa katikati ya watu wenye kusema, akacheza na vikombe na vijiti wakati wao wakisema, na siku moja maneno yao yalikuwa yake. Ndivyo kiwanja kimwingiavyo mtoto. Aujua mlio wa gongo kabla hajajua kwa nini watu wamesimama. Ajua kwamba jirani auzaye misumari mchana ndiye yule asimamaye katikati ya uwanja jioni, na kwamba watu huja kumtazama kwa kuwa wampenda. Ajua kuwa watu wazima wana furaha isiyohusiana na yeye wala na fedha. Elimu hii haina mtihani, na labda ndiyo sababu haisahauliki.

Isidhaniwe kwamba hoja hii yamwondolea mzazi wajibu. Mpira ule ni mgumu, na ukiruka nje ya mistari waweza kuvunja mfupa. Kwa ajili hiyo wavu hutundikwa nyuma ya mpigaji, na mzazi mwangalifu hukaa mahali ambapo jicho lake lapata mtoto na mpira kwa pamoja. Mtoto ni huru kutokutazama kwa sababu yupo atazamaye kwa niaba yake. Uhuru wa mtoto na ulinzi wa mzazi hapa si maadui. Wa kwanza hauwezekani bila ya wa pili. Mzazi ajizuiaye kumwamuru mtoto atazame, na papo hapo asiache kumlinda, amefanya kazi ngumu kuliko ile ya mwalimu mwenye fimbo.

Miaka hupita, mtoto hufika umri wa miaka saba au minane, naye huanza kuutazama mchezo. Jambo la kwanza aonalo ni kushindwa. Katika besiboli mpigaji afanikiwaye mara tatu katika kila mara kumi huitwa hodari. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alipata wastani wa .406, yaani zaidi kidogo ya mara nne katika kumi, na tangu mwaka huo hapana mtu katika zile ligi kuu mbili aliyefikia mara nne kwa msimu mzima. Basi yule aliyekuwa bora kuliko wote alirudi kitini bila ya mafanikio mara sita katika kila kumi, mbele ya maelfu ya watu. Ikiwa hali ya bingwa ni hiyo, hali ya seremala wa mji mdogo haihitaji kusimuliwa.

Zaidi ya hayo, mchezo huu una desturi ya ajabu: huandika makosa. Ubao wa matokeo una safu tatu, moja ya alama zilizopatikana, moja ya mapigo yaliyofaulu, na ya tatu ya makosa. Mchezaji akiudondosha mpira ambao angepaswa kuudaka, kosa huandikwa juu ya timu yake, na katika daftari ya mchezo huandikwa juu ya jina lake. Lakini daftari hiyo hiyo yatunza na haki ya namna nyingine. Mpigaji aweza kukubali kutolewa yeye mwenyewe, kwa kuugusa mpira polepole, ili mwenziwe aliye mbele asogee kituo kimoja. Tendo hilo huitwa kafara, na halihesabiwi kuwa kushindwa katika wastani wake. Shughuli za dunia ziandikazo makosa ya mtu na kafara yake katika daftari moja ni chache. Nyingi huandika moja na kulisahau la pili.

Faida ya jambo hili kwa mtoto ni kubwa. Nyumbani, mtoto huwaona watu wazima wakiyaficha makosa yao. Baba hakubali kwamba amepotea njia, na mama hakubali kwamba chumvi imezidi. Shuleni, makosa ni ya mwanafunzi na majibu sahihi ni ya mwalimu. Uwanjani mtoto humwona mtu mzima, mwenye ndevu na watoto wake mwenyewe, akikosea mbele ya mji mzima, akiinamisha kichwa kidogo, kisha akijiweka tayari kwa mpira ufuatao. Waswahili husema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii yaweza kuhubiriwa miaka kumi isimwingie mtoto. Lakini aonapo kwa macho yake mtu aliyekosea akirudi mahali pake na kuendelea kupendwa, hahitaji kuhubiriwa.

Liko jambo la tatu, ambalo ni dogo kwa sura na kubwa kwa maana. Mpira upigwapo ukatoka nje ya mistari na kuvuka uzio, watoto huukimbilia. Katika viwanja vya ligi kubwa, aupataye ni wake. Haikuwa hivyo siku zote: mwaka 1921 mtazamaji mmoja wa New York alitolewa uwanjani kwa kukataa kuurudisha mpira, akafungua mashtaka, na mahakama ikampa haki. Tangu wakati ule desturi ya kumwachia mtazamaji mpira ilienea. Lakini katika miji midogo mipira ni michache na mfuko wa timu ni mwembamba. Kwa hiyo mtoto aliyeupata mpira huombwa aurudishe kibandani, na katika viwanja vingi hupewa sarafu au peremende kwa uaminifu wake. Hivyo, mahali ambapo watu kumi na wanane wanatoka jasho bila ya ujira, mwenye ujira pekee ni mtoto asiyecheza.

Mtu aweza kusema kwamba hapa mtoto hununuliwa, na kwamba wema ulipwao si wema. Lakini na aangaliwe mtoto mwenyewe. Mpira umo mkononi mwake, mweupe, umechafuka nyasi kidogo. Peremende yeyote yaweza kununuliwa dukani. Mpira uliopigwa leo na mtu amjuaye hauuzwi popote. Akiurudisha, anaacha kilicho kikubwa kwa kilicho kidogo, wala hapana askari amlazimishaye. Anaurudisha kwa sababu ameambiwa kwamba bila ya mipira mchezo hautaendelea, na yeye ataka uendelee. Hili ndilo somo la mali ya wote: si kwamba haina mwenyewe, bali kwamba kila mmoja ni mwenyewe kwa kadiri aiachavyo iwatumikie wengine. Peremende ni asante tu, na mtoto mwenye akili ajua tofauti ya asante na bei.

Walakini, mchezo upendwao huvutia fedha, na fedha zikiingia hazikai pembeni. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, baadhi ya miji ya Minnesota ilianza kuwakodi wachezaji kutoka mbali ili iwashinde jirani zake. Viwanja vilijaa, lakini sare yenye jina la mji ilivaliwa na watu wasioujua mji. Gharama zikapanda, televisheni ikafika, na mwaka 1961 jimbo likapata timu ya ligi kubwa. Miji iliyojenga mchezo wake juu ya wageni wa kukodi ilikuwa na machache ya kubakiza. Timu iliyochezwa na wana wa mji ingeweza kushindwa na bado ikawa timu ya mji huo. Timu ya kukodi ikishindwa haikuwa kitu.

Hatari hiyo huwa mbaya zaidi imfikapo mtoto. Mwaka 1939 Carl Stotz wa Williamsport, Pennsylvania, alianzisha ligi ya watoto, ili wavulana wadogo nao wapate kiwanja na sare kama wakubwa. Ligi ikakua upesi kupita matumaini yake, na katikati ya miaka ya 1950 alitengana nayo baada ya mzozo, akiona kwamba ukubwa na biashara vimeifunika nia ya kwanza. Mwaka 2001 timu moja ya New York ilifutiwa ushindi wake katika mashindano ya ligi hiyo, kwa kuwa ilidhihirika kwamba mrushaji wake alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, ilhali mwisho ni kumi na miwili. Lawama haikumstahili mtoto, maana hapana mtoto ajitungiaye cheti cha kuzaliwa. Wakubwa walikuwa wamemgeuza chombo cha tamaa yao. Hapo ndipo penye kiini cha swali. Mzazi ampelekaye mtoto uwanjani ili siku moja awe bingwa, na mzazi ampelekaye ili wawe pamoja jioni moja, wamekaa katika jukwaa moja, lakini mmoja amekuja na mwanawe na mwingine amekuja na mtaji wake.

Yapo mapingamizi mawili ambayo hayawezi kupuuzwa. La kwanza ni kwamba mapenzi ya mji mdogo si haki. John Donaldson, aliyezaliwa Missouri mwaka 1891, alikuwa miongoni mwa warushaji hodari wa zama zake. Ligi kubwa zilimfungia mlango kwa sababu ya rangi yake nyeusi. Mlango huo haukufunguliwa mpaka Jackie Robinson alipoingia tarehe 15 Aprili 1947, wakati Donaldson alipokuwa na zaidi ya miaka hamsini. Katika miaka ya 1920 alichezea Bertha, kijiji kidogo cha Minnesota, akilipwa, na watu wakaja kutoka mbali kumtazama. Je, hili ni sifa kwa kijiji au ni hukumu juu ya nchi? Ni yote mawili. Kijiji kilimpa kiwanja ambacho nchi ilimnyima, lakini makofi ya kijiji hayakuyaondoa maonevu, wala mtu asidai kwamba jioni moja ya furaha hulipa deni la haki. Mtoto akuaye na kupenda kiwanja chake hana budi siku moja kuambiwa ni nani waliozuiwa kuingia katika viwanja vingine. Mapenzi yasiyostahimili ukweli huo hayakuwa mapenzi, yalikuwa usingizi.

Pingamizi la pili ni kwamba mchezo usio na faida ni anasa ya walioshiba. Jibu la pingamizi hili latoka Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda nafasi ya kwenda katika mashindano ya Williamsport, lakini ilinyimwa viza. Watoto wa Langley, Canada, ambao wangekutana nao, waliona kwamba mchezo uliokuwa uchezwe haukuchezwa. Mnamo Januari 2012 walisafiri mpaka Uganda, wakacheza nao huko. Halikuwako kombe, na matokeo hayakuweza kubadili chochote katika mashindano yaliyokwisha. Mwaka ule ule timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ilifika Williamsport. Watoto wa Uganda walioupenda mchezo huu hawakungoja kwanza nchi yao itajirike. Na wale wa Canada walielewa jambo ambalo mwenye kupima faida hawezi kulielewa: kwamba mtu aweza kuwa na deni la mchezo, na kwamba deni hilo hulipwa kwa kucheza.

Basi mizani na ipimwe. Aristotle alisema kweli kwamba mtu asifanye kazi ili tu apate kucheza. Lakini hakuonyesha kwamba kila kilicho chema ni sharti kitumikie kitu kingine. Mchezo wa mji mdogo humpa mtoto saa zisizodaiwa chochote. Humwonyesha watu wazima wakikosea bila ya kuangamia, humzoeza kurudisha kilicho cha wote, na humketisha kati ya jirani zake kabla hajajua ni jirani wa nini. Hata hivyo mzazi akivitaka vitu hivi kama faida, akavihesabu mwisho wa jioni kama muuza duka ahesabuvyo senti, atavikosa, kwa kuwa vyote huja kwa kutokuombwa. Apasaye kupelekwa uwanjani si bingwa wa kesho, bali mtoto wa leo. Mwenye kumpeleka hivyo asione haya kuulizwa kama hana kazi. Kazi anayo, nayo hailipwi.